Risasi Isiyo na Mikwaruzo

Kufikia Alhamisi asubuhi wilaya nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu Verlin Tackett, na Sherifu, mkuu wa polisi wa huko, alimtaka Twyla Maddux aandike tu karatasi. Maiti ya Dewey Halbrook ilikuwa imeokotwa Jumanne alfajiri, baada ya majirani kumtafuta kwenye mvua, kando ya seng'enge iliyotenga shamba lake na la Verlin. Ilikuwa na tundu moja kifuani, na magoti ya suruali yake yalikuwa yameloa tope. Dewey alikuwa mrefu wa futi sita na ushei, Verlin hamfiki begani, lakini risasi ilikuwa imeingia juu ya titi la kushoto ikashuka kuelekea kiunoni. Sherifu aliweka tope na mshuko wa risasi pamoja, akapata jibu moja: marehemu alipigishwa magoti, kisha akapigwa huku akimtazama muuaji wake.

"Mtu aliyekaa jela miaka kumi na mmoja anajua kumpigisha mwenzake magoti," alisema Sherifu. "Kesho nataka hati ya mashtaka. Mauaji ya kukusudia."

Twyla alikuwa mpelelezi pekee wa ofisi ile kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu wa kujibu kabla hajamaliza kusoma. Mbele yake mezani palikuwa na kimfuko cha nailoni kilichotoka kwa daktari wa maiti, na ndani yake gololi ya madini laini ya risasi, imebonyea upande mmoja. Karatasi iliyofuatana nayo ilikuwa na mistari michache. Mstari wa mwisho alikuwa ameusoma mara tatu: gololi haina mikwaruzo ya mtutu.

Mstari huo haukukaa sawa na mengine. Bastola ya Verlin ilikuwa kabatini nyuma yake, na jana yake aliichungulia ndani kwa tochi. Mtutu wake ulikuwa na mifereji iliyojisokota kama uzi wa skrubu. Risasi yoyote iliyopita pale ingetoka na alama, kama kidole kilichopakwa wino kinavyoacha alama karatasini. Hii haikuwa na hata mchoro mmoja.

Bastola yenyewe hakuna asiyeijua pale vilimani. Tangu atoke jela, sheria ilimkataza Verlin kumiliki bunduki ya kisasa. Lakini bastola ya mtindo wa zamani, ile ya kumiminiwa baruti nyeusi na kushindiliwa gololi tundu moja baada ya jingine, sheria ya huko haikuihesabu. Basi Verlin aliivaa kila siku ya Mungu, ndani ya ala ya ngozi yenye kifuniko, tumboni upande wa kushoto. Aliivaa akienda kulisha ng'ombe, akienda kutengeneza pampu, akienda kufungua sanduku la barua. Silinda yake ilikuwa na matundu sita, naye alijaza matano tu, nyundo ikalalia lile tupu ili isije ikafyatuka akijikwaa. Kwa bastola hiyo alikuwa ameua nyoka wasiohesabika, nguruwe mwitu kadhaa, na mbwa koko waliowaingilia ndama wake. Watu walimcheka kwamba anatembea na jumba la makumbusho kiunoni. Wiki ile hakuna aliyecheka.

Twyla alimwita Coy Ledbetter. Coy alikuwa askari aliyebakiza miezi minane kustaafu, na mwishoni mwa juma huvaa sare ya sufu na kwenda kuigiza vita vya kale na wazee wenzake. Nyumbani kwake alikuwa na bastola mbili za namna ile ile, ndiyo maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuitoa baruti ile ya Verlin siku alipokamatwa.

Alimuuliza kama inawezekana gololi ikatoka kwenye bastola hiyo bila alama.

"Ikipita mtutuni, haiwezekani," alisema Coy. "Hii imetoka kwenye mtutu laini. Gobore."

"Nani ana gobore huku?"

Coy alikuna kidevu. Lilikuwepo moja tu alilolijua, na Twyla alilijua pia, kwa sababu kila aliyewahi kuketi sebuleni kwa akina Halbrook alilitazama. Lilining'inia juu ya meko, la babu yake Dewey.

*

Oneta Halbrook aliwafungulia mlango akiwa amevaa koti la kazi la marehemu mumewe. Hakuwa analia. Meza ya jikoni ilikuwa imejaa sahani zilizoletwa na majirani, viazi vya kuoka, nyama ya nguruwe, pai tatu, na hakuna kilichoguswa. Aliwamiminia kahawa. Twyla alipomwomba ruhusa ya kuliteremsha gobore, aliliweka birika chini taratibu.

"Twyla, mimi na wewe tumesoma dawati moja. Unadhani ni mimi?"

"Nadhani lazima niangalie, Oneta."

"Haya. Angalia."

Coy alilishusha, akaupeleka mdomo wa mtutu dirishani penye mwanga, akacheka kidogo bila furaha. Nyigu wa udongo walikuwa wameujaza mtutu mpaka juu, udongo umekauka ukawa kama saruji, na nyumba zao zilikuwa kuukuu, zimetobolewa na kuhamwa. Gobore lile halikuwa limelia kwa miaka mingi. Alilirudisha mahali pake.

Twyla hakuinuka. Alitoa picha za vitu alivyokutwa navyo marehemu, akampa Oneta moja baada ya nyingine, akamwomba amweleze chochote kisichokuwa cha kawaida. Kwenye picha ya glavu aliweka kidole. Viganjani palikuwa na manyoya mafupi mekundu yaliyonata, na kwenye mkono wa koti palikuwa na ute uliokauka, mweupe, kama mate.

Oneta alisema hayo ni mate ya ng'ombe, mtu yeyote angejua.

"Yupi?"

"Yule mwekundu. Alizaa Jumamosi akashindwa kusimama. Dewey alikuwa akimpelekea maji kwa ndoo, Jumapili kutwa na Jumatatu. Jumatatu mchana akasema anakwenda kummalizia shida yake." Aliitazama picha tena. "Yuko wapi ng'ombe huyo?"

Usiku ule wa mvua watu thelathini walikuwa wakimtafuta mtu. Hakuna aliyehesabu ng'ombe.

Twyla aliuliza Dewey angemmalizaje. Alikuwa na bunduki ya kuwindia paa, lakini ilikutwa kabatini, imefungwa. Oneta akatikisa kichwa. Dewey, alisema, aliwinda paa tangu utoto, lakini ng'ombe wake mwenyewe hakuweza kumpiga. Alikuwa akigeuza uso kama mtoto. Kila mara alimtafuta mtu.

"Alimtafuta nani?"

"Zamani alikuwa akimwita Verlin. Kabla ya ule ugomvi wa fahali."

Ugomvi wa fahali ulijulikana na kila mtu. Miaka miwili nyuma fahali wa Verlin alivunja seng'enge akawapanda mitamba ya Dewey, maneno yakatoka, na tangu hapo majirani hao walikuwa wakipishana barabarani kila mmoja akitazama upande wake. Huo ndio uliokuwa sababu ya mauaji kwenye hati aliyoitaka Sherifu.

*

Waliacha gari kwenye lango la malisho ya chini wakatembea. Mvua ya Jumatatu usiku ilikuwa imefuta alama nyingi za mahali pa wazi, lakini Twyla hakuangalia huko. Aliingia chini ya mierezi, mahali ambapo matone hayafiki sana, akainama. Kwenye shina la mti wa pili ganda lilikuwa limechubuliwa karibu na ardhi, na ndani ya ule mchubuko palinasa manyoya mekundu. Mti wa nne ulikuwa hivyo hivyo. Kitu kizito kilikuwa kimeburutwa kupitia pale, na lango dogo la kuelekea kwa Verlin lilikuwa limefungwa kwa waya mpya.

Coy alionyesha angani. Tumbusi watano walikuwa wakizunguka juu ya shamba la Verlin, chini chini, mahali ambapo ardhi ilikuwa imezama zamani na kuacha shimo refu lenye kingo za mawe. Wakulima wa huko hutupa humo mizoga na majokofu mabovu.

Coy aliteremka kwa kamba, pamoja na umri wake wote, akilaani kila hatua. Aliinua uso kutoka chini.

"Yupo. Hatamu bado iko kichwani. Tundu moja, katikati ya paji la uso."

Ilimchukua karibu nusu saa na kisu. Alipopanda tena alikuwa ameloa damu nyeusi mpaka viwikoni, na ndani ya leso yake palikuwa na gololi ya pili. Twyla aliisafisha kwa maji ya chupa, akaiweka kiganjani juani. Ilikuwa imepasuka upande wa mbele kwa kugonga mfupa, lakini ubavuni mikwaruzo ilionekana wazi, imelala kiupande, yenye nafasi sawa.

Twyla alihesabu kwa sauti. Ng'ombe amepigwa na bastola ya Verlin, risasi ikapita mtutuni kama kawaida. Dewey amepigwa na gololi ya aina ile ile ambayo haikupita mtutuni. Kisha akamgeukia Coy na kumuuliza ni nini kinachoweza kuitoa gololi ndani ya bastola bila kuipitisha mtutuni.

Coy alikaa juu ya jiwe. Aliitazama mikono yake.

"Mimi mjinga," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu, kambini, kwenye yale maigizo yetu ya vita. Mtu alifyatua mara moja, zikalia mbili. Moto huruka kutoka tundu moja kwenda la jirani."

"Unarukaje?"

Alimweleza. Nyuma ya kila tundu la silinda pana kichuchu, na juu ya kichuchu huvalishwa fataki, kikofia kidogo cha shaba kinachogongwa na nyundo na kuiwasha baruti. Fataki ikiwa kubwa kuliko kichuchu haikai vizuri. Wengine huibana kwa koleo ili isidondoke, inakuwa na umbo la yai, inaacha mwanya. Cheche za tundu lililofyatuliwa zikiingia kwenye mwanya huo, tundu la jirani nalo linalipuka. Kama ni lile la juu kushoto, gololi yake inapita kando ya mtutu, hewani, haiguswi na chochote.

"Na fataki za Verlin?"

"Zilikuwa zimebanwa kwa koleo. Zote. Niliandika kwenye ripoti. Mstari wa tatu. Na ubavuni mwa fremu, kushoto, palikuwa na doa la madini ya risasi, jipya, linang'aa. Nikadhani ameigonga mahali."

Twyla alirudi na Coy hadi kwenye seng'enge, mahali palipokuwa na vijiti vyenye utepe wa polisi. Alipiga goti moja kwenye tope, akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyemshika ng'ombe hatamu. Halafu akainua uso kumtazama Coy aliyesimama mbele yake upande wa kulia, mkono umeshushwa kuelekea ardhini. Kutoka kwenye mkono huo mpaka juu ya titi lake la kushoto hapakuwa na hata hatua mbili, na njia yake ilikuwa ya mteremko.

Hakuna aliyempigisha Dewey magoti. Alikuwa akimshika ng'ombe wake kichwa, na uso, kama kawaida yake, ameugeuza pembeni.

*

Njiani kurudi alimpigia simu daktari wa maiti. Alikuwa na swali moja, Dewey aliishi muda gani baada ya kupigwa, na daktari alilijibu bila kupekua karatasi, kama mtu aliyelitarajia. Risasi haikukata mshipa mkubwa. Ilikuwa ya mwendo mdogo, ikaingia pafuni ikakaa. Damu ilijaa kidogo kidogo. Dakika arobaini, pengine saa nzima. Twyla aliuliza kama angeokolewa. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba angepona. Anachoweza kuapa ni kwamba helikopta ya hospitali hufika vilima vile kwa dakika ishirini na tano, na kwamba amewahi kuona waliopona na majeraha mabaya zaidi.

Verlin alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, sinia ya maharage na mkate wa mahindi mbele yake, haijaguswa. Alikuwa mtu mdogo wa miaka hamsini na minane, ndevu zimepunguzwa vizuri, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tangu Jumatano alikuwa amesema sentensi moja tu, kwamba Jumatatu hakutoka nje. Twyla alimsomea tena haki zake, akamuuliza kama anataka wakili. Alitikisa kichwa. Ndipo Twyla akaziweka zile gololi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

Alimwambia yote, bila kumuuliza kitu: ng'ombe shimoni, hatamu, fataki zilizobanwa, doa kwenye fremu, magoti. Alimwambia kwamba Sherifu alitaka kuandika mauaji ya kukusudia, na kwamba sasa hataweza, kwa kuwa jambo hili lilikuwa ajali na yeye Twyla atasimama mahakamani kulisema.

Verlin alifunika uso kwa viganja. Alipoanza kusema, alisema kwa kasi. Dewey alikuja kwenye seng'enge akapunga mkono, miaka miwili hajampungia, akasema Verlin, nifanyie hisani. Duka lilikuwa limekosa fataki za saizi ya bastola yake, Verlin akachukua kubwa, akazibana, alishawahi kuzibana mara nyingi. Alifyatua, mkono ukaruka kuliko kawaida, moshi ukawafunika. Ulipotawanyika ng'ombe alikuwa amekwisha, na Dewey amekaa kitako, anajitazama kifuani.

"Kwa nini ulimburuta ng'ombe?"

"Nilijua wakimkuta na risasi yangu kichwani watajua nilikuwepo."

"Ng'ombe ndiye aliyekuwa shahidi wako, Verlin."

"Sasa naona." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Wakati ule sikuona. Wakati ule niliona seli tu."

Twyla alisogeza daftari karibu. Aliuliza trekta aliyomburutia ng'ombe ilikuwa wapi. Nyumbani, alijibu, dakika kumi kwa miguu. Aliuliza jua lilikuwa wapi alipofyatua. Lilikuwa juu ya mierezi bado, kiasi cha saa kumi. Na alipokwenda kuchukua trekta? Verlin aliisogeza sinia kando. Twyla akauliza simu yake ilikuwa wapi.

"Mfukoni."

"Dewey alisema kitu?"

"Alisema nimwite Oneta."

"Alisema mara ngapi?"

Nje ya mlango Sherifu alikohoa.

"Sikuhesabu," alisema Verlin. "Nilikaa naye, Twyla. Usiandike kwamba nilimkimbia, sikumkimbia. Nilimvua kofia nikaiweka chini ya kichwa chake. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikawa nasema, nikibonyeza tu watakuja, watamkuta hivi, na mimi na bastola yangu, na hakuna atakayeuliza swali la pili. Kwa hiyo nikangoja."

"Ulingoja nini?"

Aliziangalia zile gololi, siyo uso wa Twyla.

"Anyamaze."

Twyla aliandika neno hilo. Aliandika saa. Kisha akamwuliza tena, taratibu, ilichukua muda gani, na Verlin akasema jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye seng'enge.

Sherifu alikuwa amesimama korido, mikono kifuani. Alisema basi ni ajali, akaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Twyla alimjibu kwamba kufyatuka kwa bastola ndiyo ajali, na kwamba karatasi atakayoiandika itakuwa juu ya saa iliyofuata. Mwendesha mashtaka ataamua aiite nini. Hakukaa kuandika. Alichukua ufunguo wa gari.

Oneta alifungua mlango akamkuta Twyla barazani, hata kabla hajabisha. Walibaki wamesimama. Twyla alimweleza kuhusu ng'ombe na zile fataki, na Oneta akaitikia kwa kichwa kila sentensi, hata akasema masikini Verlin. Twyla akaendelea mpaka mwisho, kwa sababu asingelisikia kwake angelisikia mahakamani. Alimtajia alichosema Dewey.

"Saa ngapi hiyo?" aliuliza Oneta.

"Kuanzia saa kumi. Mpaka saa kumi na moja hivi."

Oneta alitazama barabara ya changarawe iliyoteremka kuelekea malisho ya chini.

"Saa kumi nilikuwa nakunja nguo," alisema. "Redio niliizima, ilikuwa inanikera. Simu ilikuwa hapo mezani, karibu na mkono wangu." Alifunga vifungo vya lile koti la mumewe, kimoja kimoja, mpaka shingoni. "Ni dakika sita kwa gari, Twyla. Sita."